Sijapona, Nimekuja Kushukuru

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mashamba ya Hombolo, na Edina Ndahani amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mwanzoni mwa mstari wa mizabibu, amevua viatu. Mkononi ana kioo kidogo cha mkobani. Uso wake hautazami. Kioo anakiweka chini ya unyayo, anakiinamisha huku na huku, anachungulia kama fundi anayetafuta mahali oili inapovuja chini ya gari.

“Asante, gumba,” anasema. “Asante, wewe unayefuata. Wewe wa katikati una vumbi, lakini upo. Asante.”

Muuza maziwa anayepita na baiskeli anafunga breki.

“Shikamoo, Mama Rose. Unaongea na nani?”

“Marahaba. Na vibarua wangu,” anajibu bila kuinua kichwa. “Mmoja wa mguu wa kushoto aliacha kazi bila kuaga. Hawa waliobaki nawabembeleza.”

Muuza maziwa anacheka mpaka madumu yanagongana, kisha anakanyaga pedeli na kwenda zake. Edina anavaa soksi, anavaa viatu vya kufunika, anachukua mkasi wa kupogolea na kuingia shambani. Msimu wa kupogoa umeanza na kazi haimsubiri mtu.

Edina ana miaka hamsini na minne. Zaidi ya ishirini kati ya hiyo ameitumia katika mashamba ya zabibu ya watu wengine: kupogoa, kufunga matawi kwenye nyaya, kupalilia, kuvuna. Kazi ikiwepo hulipwa shilingi elfu nane kwa siku. Isipokuwepo, hurudi kwenye mtama wake nyuma ya nyumba.

Pia ni mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini asubuhi na jioni, jambo ambalo wenzake shambani hawachoki kulitania, na yeye huwatangulia.

“Mimi na hizi zabibu ni kama mlevi aliyepewa kazi ya kulinda kilabu cha pombe,” anasema. “Nazikata, nazipanga kwenye makreti, nazinusa. Nimeruhusiwa punje chache tu. Basi nazila moja moja, polepole, kama mtu anayeonja mboga ya mkwe.”

Ugonjwa ulibisha hodi kwa njia ya kiu. Miaka sita iliyopita Edina alianza kunywa maji kama ng’ombe aliyetoka machungani, na kila alipokunywa alikimbilia chooni. Mumewe Noeli, fundi baiskeli mpole asiyependa ugomvi, alidhani mkewe anazidisha chumvi kwenye mboga na anaona aibu kusema.

“Wiki nzima nilikula huku nasikilizia chumvi,” anakumbuka Noeli. “Sikuiona. Halafu nikaona sisimizi wamepanga foleni kuelekea chooni. Nikamwambia, Mama Rose, twende tukapime. Hawa wadudu kuna kitu wanakijua.”

Katika kituo cha afya alikutana na muuguzi aitwaye Gladness, mwanamke mdogo wa umri, mwenye sauti ya chini na mkono mwepesi. Damu ilipimwa, akaambiwa ana sukari. Edina alikataa katakata.

“Nilimwambia, mwanangu, umechanganya damu za watu. Sukari niitoe wapi mimi? Kwangu chai tunakunywa hivyohivyo. Sukari tunaisalimia dukani!”

Damu ikapimwa tena, na mashine haikubadili maneno. Alianza na vidonge. Baadaye vidonge vikazidiwa, ikawa sindano.

Insulini inataka ubaridi, na nyumba ya Edina haina jokofu. Gladness akamfundisha kukifunga kichupa ndani ya mfuko wa nailoni na kukiweka kwenye chungu cha udongo chenye maji, kivulini. Noeli alikwenda mnadani akachagua chungu kizuri, akakiweka kando ya mtungi wa maji ya kunywa. Hapo ndipo vurugu ilipoanza.

“Shemeji yangu alikuja kututembelea ana kiu,” anasema Edina. “Hakuuliza. Akachota kwa kikombe, akatoa kifuko chenye kichupa ndani. Alipiga ukunga kwamba nimemwekea dawa. Tulimweleza mpaka tukachoka. Usiku ule alilala kwa jirani, na mpaka leo akija kwangu anakuja na chupa yake ya maji.”

Maisha yalikwenda hivyo, sindano na kazi, kazi na sindano. Kisha, mwaka juzi mwezi wa saba, mhubiri mgeni alifunga turubai na maspika katika uwanja wa jirani. Edina alikwenda na wanakwaya wenzake. Wagonjwa walipoitwa mbele, alikwenda.

“Hakuna aliyenisukuma,” anasisitiza. “Nilikuwa nimechoka. Ukijitoboa tumbo kila siku kwa miaka, siku mtu mwenye sauti nzuri akikwambia basi, imetosha, unatamani iwe kweli. Halafu watu walikuwa wanafurahi! Wanawake wamevua vitenge wananipepea. Ningewaharibiaje?”

Kikapu kilipitishwa kwa walioamua kuachana na dawa. Edina alitumbukiza mabomba yake ya sindano, akashangiliwa, akarudi nyumbani akiimba.

Noeli alifika nyumbani, akachungulia chunguni, akakuta kichupa bado kipo. Tangu siku hiyo, kila alfajiri kabla ya kwenda kwenye baiskeli zake, alimwaga maji ya zamani na kutia mapya, kichupa kikae baridi. Mkewe alimwona. Akamwacha aendelee.

Ilikuwa katikati ya mavuno, wiki ya tatu bila dawa, kisiki cha mzabibu kilipomchoma Edina kupitia kwenye ndala. Hakusikia maumivu, kwa sababu ganzi ya kisukari ilikuwa imeshatawala nyayo. Aliendelea kukanyaga na kidonda kwa siku kadhaa. Asubuhi moja wenzake wakamwona anayumba, anainama mbele ya kila shina na kulisalimia kwa Kigogo.

“Mbukwenyi,” alikuwa akiiambia mizabibu, kwa adabu zote, kama amekutana na mashangazi zake. Wengine walicheka, wakidhani ni utani wake wa kila siku. Alipoanguka ndipo kicheko kilipokatika.

Gari lililokuwa karibu ni pikapu ya kubebea zabibu. Walimlaza katikati ya makreti na kukimbizana naye hadi hospitali mjini.

“Nilifika na zabibu kwenye nywele, zabibu kwenye kola, zabibu kila mahali,” anasema. “Haya mimi siyakumbuki, nimesimuliwa na Noeli. Daktari akauliza, huyu ana tatizo gani? Noeli akasema, ana sukari. Daktari akaniangalia toka juu mpaka chini, akasema, mzee, mbona umemleta na ushahidi?”

Madaktari walimwokoa. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakikuokoka.

Aliporudi nyumbani, wageni walikuja kumpa pole. Wapo waliokuja na mayai. Yupo aliyekuja na juisi ya boksi yenye sukari ya kutosha kumrudisha wodini. Na wapo waliokaa kwenye mkeka, wakanywa uji, wakatoka nje na kunong’ona chini ya dirisha lake kwamba imani ya Mama Rose ilikuwa ndogo.

“Dirisha langu halina kioo,” anasema Edina. “Nilisikia yote.”

Aligeukia ukuta. Hakutaka kanisa, hakutaka kwaya, hakutaka hata kusikia jina la zabibu. Binti yake Rose, karani katika ofisi moja jijini Dodoma, alikuja wikiendi akamkuta mama yake, mwanamke anayejulikana mtaa mzima kwa mdomo, hajasema neno tangu asubuhi.

Gladness alikuwa akifika kila siku kufunga kidonda. Edina alimsubiri kwa hamu, si kwa wema, bali kwa vita. Alikuwa ameshapanga majibu yote atakayompa akianza kumgombeza kuhusu dawa zilizotupwa.

“Hakunigombeza,” anasema Edina. “Iliniudhi sana.”

Badala yake, muuguzi huyo alipiga magoti, akafungua bendeji na kuuliza, “Shikamoo, mama. Leo kipi kimefanya kazi?”

“Kipi cha nini?”

“Cha mwilini. Kilichoharibika nakiona mwenyewe hapa. Wewe niambie kilichofanya kazi.”

“Masikio,” Edina akajibu. “Nakusikia ukiniuliza upuuzi.”

“Basi tuyashukuru masikio,” akasema Gladness, akaendelea na kazi yake.

Kesho yake akauliza tena. Edina, kwa kumkomoa, akataja kwapa. Siku iliyofuata akataja kisogo. Ikaja zamu ya tundu la pua la kushoto, ambalo alilisifia kirefu. Gladness aliyapokea yote bila kucheka, akiyashukuru moja baada ya jingine, kwa uzito uleule. Viungo vya mzaha vilipokwisha, ilibidi Edina aanze kutaja vya kweli. Mikono, inayoshika mkasi. Macho, ambayo sukari ingeweza kuyachukua na haikuyachukua. Siku moja akafika kwenye figo, na hapo akalia.

“Sijawahi kuiona figo yangu,” anasema. “Haina sura, haina sifa, hakuna anayeiimbia. Iko humo gizani inachuja tu, na mimi nilikuwa nimeitupia mzigo mara mbili. Nikasema, mwenzangu, samahani. Na asante.”

Asidhaniwe kwamba Edina amegeuka malaika. Analalamika, na analalamika kwa ufasaha. Tofauti ni kwamba amelitengea jambo hilo muda wake: wakati Noeli anaosha vyombo vya usiku. Hapo hulalamikia ganzi, sindano, bei ya viatu na tabia ya wauguzi wa zamu kumwita “bibi”. Vyombo vikiisha, naye hufunga.

“Siku nyingine,” anasema Noeli kwa upole, “masufuria mawili yanachukua saa nzima. Namwona kabisa bado ana jambo, basi nayarudia.”

Mwaka jana mwezi wa tisa, mavuno yalipokwisha, kanisa lao lilifanya Jumapili ya shukrani. Kwa kawaida siku hiyo watu hupita mbele na sadaka zao na kutoa ushuhuda: huyu amepata mtoto, yule ng’ombe aliyepotea amerudi, mwingine alikuwa anaumwa na sasa mzima kabisa. Waumini huitikia, kwaya hunyanyuka, na kinanda hulia.

Mzee Damas, mzee wa kanisa aliyeaminiwa maiki kwa miaka mingi, ndiye aliyekuwa akiipitisha. Edina alipofika mbele, anachechemea kidogo, amebeba jogoo kwapani, watu walinyoosha shingo. Wote walijua habari zake. Walijua au walidhani wanajua atakachosema.

“Bwana asifiwe!”

“Ameni!”

“Mimi ni Edina, Mama Rose. Nimekuja kutoa shukrani. Sijapona.”

Kwaya ilikuwa imeshaanza kusimama. Wengine wakabaki nusu wamesimama, nusu wamekaa. Mpiga kinanda alikuwa ameshabonyeza noti ya shangwe, akaiacha inaning’inia hewani, asijue aishushe wapi.

Mzee Damas akaivuta maiki upande wake. “Anamaanisha amepona,” akawaeleza waumini.

Edina akairudisha. “Sijapona, Mzee.”

“Amepona kwa imani.”

“Hata kwa imani bado. Asubuhi hii nimejidunga.”

Kicheko kikaanza upande wa akina mama, cha kubanwa kwanza, kikaziba masikio. Jogoo naye, kwa kuona maiki karibu, akawika. Mzee Damas alimtazama Mchungaji Sila akitafuta msaada. Mchungaji, mtu wa maneno machache, alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yanatikisika. Alipoinua uso alifuta macho kwa leso na kusema, “Mzee, mwache mama aseme.”

Basi mama akasema.

“Nashukuru kwa sindano, kwa sababu ipo. Bibi yangu alikufa na kiu hiihii na hakuna aliyejua ni nini. Namshukuru mume wangu, aliyebadilisha maji ya chungu wakati mimi nimesusa. Nakishukuru kidole kilichokwenda, kwa sababu kilikwenda peke yake, hakikuubeba mguu. Nimekaa nikasubiri nipone ndipo nishukuru, nikaona nitachelewa. Na kama kuna mwenzangu aliyetupa dawa siku ile uwanjani, namwomba kesho aende kliniki. Mungu hatakasirika. Nimemuuliza.”

Hakuna aliyecheka tena. Noeli, safu ya nyuma, alikuwa anakitazama kiatu chake kana kwamba kimetoka kununuliwa.

Mzee Damas akaja kuchukua maiki. Alipoishika, akainama kwenye sikio la Edina kumnong’oneza jambo. Alinong’ona vizuri, kwa siri kabisa. Tatizo ni kwamba maiki ilikuwa kidevuni pake, na ilikuwa imewashwa.

“Mama Rose,” maspika yakatangaza kanisa zima na barabara ya nje, “na mimi nilitupa za presha. Mke wangu hajui.”

Kisha kutoka safu ya tatu ikasikika sauti ya mwanamke, wazi, bila haja ya maiki yoyote:

“Sasa najua!”

Waliokuwepo wanasema kanisa halijawahi kucheka vile, na huenda halijawahi pia kulia vile, kwa sababu watu walifanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kabla ibada haijaisha, wengine wanne walikuwa wamesimama. Mmoja alikuwa na pumu. Mwingine alisema hajui ana nini, ila hajapona.

Jumatatu asubuhi Mzee Damas alifikishwa kliniki na mkewe, ameshikwa kiwiko kama mshukiwa. Presha yake ilikuwa juu kiasi kwamba Gladness hakumruhusu kuondoka mpaka mchana.

“Nilikuwa natembea na kifo mfukoni,” anasema mzee huyo, ambaye siku hizi huiangalia swichi mara mbili kabla ya kunong’ona. “Mimi niliyekuwa nashika maiki ya shuhuda za wenzangu, nilikuwa naogopa kusema ya kwangu. Aibu ingeniua kabla ya presha.”

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kikundi kinachoitwa Hatujapona. Hukutana siku za kliniki, kwenye benchi la nje, wakisubiri kuitwa. Kila mmoja hutaja kilichofanya kazi wiki hiyo, kisha hukumbushana dawa na kwenda kumgongea mlango aliyekosekana. Wako kumi na saba sasa. Mtendaji mmoja aliwashauri wabadili jina, akidai lina mkosi, wajiite Tumaini au Upendo.

“Tukamuuliza, wewe umepona?” anasema Edina. “Akasema yeye haumwi. Tukamwambia, basi hili si lako.”

Mwanachama anayechekesha kuliko wote, kwa maelezo ya Edina mwenyewe, ni Shamimu, mjane aliyehamia Hombolo kutoka Kondoa na anayeuza vitumbua karibu na kituo cha afya. Kwa wiki kadhaa aliwasikia wakiongea huku anakaanga. Siku moja akaepua kikaango, akasogea.

“Jamani, samahani. Waislamu mnapokea?”

“Unaumwa nini?” akauliza Mzee Damas.

“Presha. Na miguu. Na jino hili.”

“Umehitimu,” akajibiwa. “Kaa.”

Tangu hapo Shamimu ndiye anayefungua kikao kwa dua na Mzee Damas anakifunga kwa sala. Vitumbua vyake vimepigwa marufuku kwenye benchi kwa kura ya wote, naye ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.

Si kila mtu ameshawishika. Bado wapo wanaovuka barabara wakimwona Edina, wakisema anawakatisha watu tamaa. Na mwili wake wenyewe haujatia saini mkataba wowote wa amani. Miezi ya karibuni, jioni zikifika, macho yake huona ukungu. Amepewa siku ya kwenda kupimwa na bingwa wa macho, na usiku hulala kwa shida akiifikiria.

“Naogopa,” anasema, bila kutania safari hii. “Mtu akikwambia kushukuru kunaondoa woga, mwambie aje nimpe nafasi yangu. Mimi naogopa na nashukuru. Vyote vinakaa nyumba moja, vinagombania mkeka.”

Lakini ana mpango. Mwenye shamba anakofanyia kibarua amemruhusu kuchukua pingili nzuri za matawi anayoyapogoa, badala ya kuzichoma. Nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na mtama, Edina amepima robo ekari. Baada ya miaka yote ya kuhudumia zabibu za wengine, anataka za kwake.

Saa kumi jioni, Noeli amevua shati na anachimba mashimo. Edina amesimama pembeni na fungu la pingili, anasimamia. Jirani anapita, anasimama, anatikisa kichwa.

“Mama Rose, zabibu mpaka zizae vizuri si ni miaka mitatu? Kwa nini usipande mchicha, ule upesi?”

“Mchicha wanapanda wagonjwa,” anajibu Edina.

Jirani anaondoka akicheka peke yake. Edina anainama, anaingiza mkono wake kwenye shimo la kwanza mpaka unapofika, kisha anakunja uso.

“Zidisha kina, Baba Rose,” anasema. “Mzabibu unakaa hata miaka thelathini. Nikiwa na themanini na minne sitakuwa na nguvu za kuja kuuhamisha.”

Noeli anatema mate viganjani, anashika sururu na kuanza upya.